Dereva wa Njia ya Ngenge

Gari likizama, Dereva alizima injini kwanza. Hakuongeza mafuta, hakurusha gea mbele na nyuma kama wanavyofanya madereva wengi mpaka magurudumu yanajichimbia shimo. Alizima, akavuta breki ya mkono, akakaa kidogo mikono ikiwa juu ya usukani. Kisha alivua viatu, akaviweka juu ya dashibodi, akashuka. Alilizunguka gari lote miguu mitupu, akikanyaga tope polepole ili ajue lina kina gani na chini yake kuna nini. Sisi wauguzi tuliokuwa nyuma pamoja na masanduku ya chanjo tulizoea kutomwuliza kitu wakati huo, maana asingejibu.

Nilifanya kazi naye kuanzia muda mfupi baada ya vita na Uganda mpaka alipoacha kazi kwa kuumwa. Mimi nilikuwa mkunga katika hospitali ya misheni huko Muleba, naye aliendesha Landrova iliyotupeleka kliniki za vijijini. Watu wote walimwita Dereva: mapadri, wagonjwa, watoto wa barabarani, hata mke wake. Jina lake la ubatizo nililijua, lakini sikupata kulitumia alipokuwa hai na sitalitumia hapa.

Njia yetu mbaya ilikuwa ya Ngenge. Huku juu, kwenye vibanja vya migomba na kahawa, barabara ni ya udongo mwekundu. Mvua ikinyesha utateleza, lakini chini pana mawe na gari litapata pa kushika. Ukishuka kwenda Ngenge unaingia mbugani, kwenye udongo mweusi. Kiangazi udongo ule hupasuka mpaka mguu wa mtoto unaweza kuingia katika ufa. Masika hufanya ganda zuri juu, likavutia, na chini yake ni uji. Magari mengi yalilala huko. Mengine yalilala wiki nzima, wenyewe wakiyalinda na kupikia chini yake.

Dereva alikuwa na vifaa vyake nyuma ya kiti na hakuruhusu mtu kuviazima: chepeo, panga, jeki, pampu ya mguu, magunia matupu, kamba nene ya katani, na kipande cha ubao mgumu wa kuweka chini ya jeki isizame. Waya wa chuma wa kuvutia gari hakuutaka garini mwake. Mzungu mmoja wa hospitali aliwahi kumletea mpya kutoka kwao, unang'aa, Dereva akamshukuru kwa heshima zote, kisha akaupeleka stoo na haukutoka tena.

Kunasua gari kwake ilikuwa kazi ya taratibu, karibu ya kuchosha. Kwanza abiria wote walishuka, halafu mizigo. Kisha alichimba mbele ya kila gurudumu, akafanya mteremko mdogo wa gurudumu kupandia. Alipunguza upepo wa matairi mpaka yakabonyea kidogo, ili yaikanyage ardhi kwa upana. Alitutuma kukata nyasi na matawi ya kutandika. Migomba aliikataa, alisema shina la mgomba likipondwa linateleza kuliko tope lenyewe. Akipandisha gari kwa jeki, hakuna aliyeruhusiwa kuingiza mkono chini, hata kwa kutoa jani. Waliosukuma aliwapanga pembeni, si nyuma katikati, ili gari likirudi lisimkute mtu. Baada ya yote hayo ndipo aliwasha, akaweka gea ndogo, akaliachia gari litambae. Mara nyingi lilitoka bila kelele, na vijana waliokuja kusukuma walibaki wamesimama kama walioonewa.

Neno lake lilikuwa moja: "Ondoka hapo." Alilisema kwa Kiswahili na kwa Kihaya, kwa mkubwa na kwa mdogo, hasa kamba ilipofungwa. Gari likivutwa na jingine, alitaka kila mtu akae mbali kupita urefu wa kamba, na asiwepo mtu ndani isipokuwa wanaoshika usukani. Alifunga kwenye chesisi, kamwe si kwenye bampa, na katikati ya kamba aliweka gunia lenye udongo, ili ikikatika ianguke chini badala ya kuruka. Watoto wa Kishanda, kijiji kilicho juu kabla ya kushukia Ngenge, walimwiga. Tukipita walipiga kelele "Ondoka hapo, ondoka hapo," naye hakutabasamu wala hakukasirika.

Siku moja padri kijana alisimama karibu na kamba akisali rozari, gari la parokia likiwa limezama mpaka milangoni. Dereva aliondoa mguu kwenye mafuta, akachungulia dirishani.

"Padri," alisema, "sala inafika hata ukiwa kule kwenye kichuguu."

Padri akasema Mungu atamlinda.

"Najua. Lakini mimi ndiye nitakayeulizwa."

Padri akaenda kwenye kichuguu. Dereva akasubiri mpaka alipofika kabisa, akageuka, akasimama, ndipo akaendelea.

Nisieleweke kwamba alikuwa mtu mwangalifu katika mambo yake yote. Hapo ndipo penye taabu ninapotaka kumweleza. Jumapili aliimba kwaya, sauti ya chini, na hakukosa komunyo. Jumamosi alikunywa rubisi mpaka akabebwa. Hakugusa pombe akiwa na ufunguo mfukoni, hilo ni kweli, na sikupata kumwona akiendesha gari vibaya. Lakini alikuwa na mwanamke karibu kila tulipolala safarini, na Bukoba mjini alikuwa na nyumba kabisa, ambayo mkewe wa Kishanda aliijua na hakusema. Tukifika kwenye senta, mama fulani angetoka jikoni akifuta mikono, angemwita "Dereva wangu", naye angepokea chai yake kama mtu aliyefika nyumbani. Alikuwa mpole kwa wanawake hao. Aliwaletea sabuni na chumvi wakati wa uhaba. Nilikuwa msichana wa kulelewa na masista na mambo hayo yalinichukiza, lakini baadaye, magonjwa yalipoanza, nilikuwa nikiwahesabu kimya kimya wale akina mama kila tulipopita, na kila mara mlango mmoja ulikuwa umefungwa.

Habari ya waya wa chuma alinieleza mara moja tu. Tulikuwa Kishanda, tumekinga mvua kwenye baraza la shule, chanjo zimekwisha, watu wamekwenda zao. Nilimwuliza tu ili tupitishe muda: kwa nini asiubebe waya wa Mzungu, ambao usingeoza kama katani?

Aliketi juu ya sanduku tupu la chanjo.

"Wakati wa vita nilikuwa naendesha lori," alisema. "Lilikuwa la misheni, jeshi likalichukua, na mimi nikachukuliwa pamoja nalo. Tulikuwa tunapeleka chakula na risasi upande wa Kyaka. Mvua kama hii. Lori lililokuwa mbele yangu likazama likaziba njia yote, na nyuma yetu kuna msururu. Afisa mmoja akaja mbio, akasema litoke sasa hivi, ndege zinaweza kuja. Wakafunga waya kutoka kwenye lori langu. Mimi ndiye niliyevuta."

"Ukakatika?"

"Nilisikia mlio tu, kama risasi, nikadhani tunapigwa. Nikageuka. Walikuwa wamesimama pale wote, wameduwaa, isipokuwa mmoja."

Alikuwa askari kijana kutoka kusini, mbali sana, ambako Dereva hakupata kufika. Asubuhi ile walikuwa wamegawana muhogo wa kuchoma, na kijana alikuwa amemcheka Kiswahili chake cha Kihaya. Jina lake lote hakulijua. Walimfunika kwa turubai, wakaleta waya mwingine, afisa akamwambia avute tena, akavuta tena, lori likatoka, msafara ukaendelea.

"Vita vile viliua watu wengi, Nesi," alisema. "Mimi nilimwua mmoja. Na alikuwa wetu."

Nilimwambia si yeye aliyemwua, ni waya. Akaitazama mvua.

"Mguu uliokuwa kwenye mafuta ulikuwa wangu," alisema, na hakuizungumza tena habari hiyo maisha yake yote.

Sasa niseme lililotokea Ngenge, maana watu wengi wa huko humkumbuka kwa hilo tu, na humkumbuka vibaya.

Tulikuwa tumemaliza kliniki tukifunga masanduku, alipoletwa mama mmoja kwenye machela ya miti. Uchungu ulikuwa umeanza tangu jana yake, na mkono wa mtoto ulikuwa umetoka kwanza. Hapo kijijini hapakuwa na la kufanya, alihitaji upasuaji. Tukamlaza nyuma ya Landrova, mume wake na mama mkwe wakapanda pembeni yake, mimi nikapiga magoti katikati yao. Mvua ilikuwa imenyesha mchana, jua likatoka tena, na mbuga ilionekana nzuri, kavu.

Tulikaribia kuimaliza. Mbele tuliuona mlima kabisa, na barabara nyekundu inayoupanda. Gari likainama upande mmoja, likakaa. Dereva akazima.

Alishuka, akazunguka, akarudi dirishani kwangu. "Difu huku chini limekaa juu ya tope," alisema kwa sauti ya chini. "Magurudumu yananing'inia." Alianza kuchimba. Mume wa mama yule alichimba pamoja naye kwa mikono, akilia. Walichimba, tope likarudi. Walichimba tena, likarudi. Jeki ilizama pamoja na ubao wake. Sikumbuki kumwona Dereva akifanya kazi namna ile, kwa haraka bila kukurupuka, jasho likimtiririka, kila mara akiniangalia usoni apate habari ya mgonjwa, nami nikikwepa macho yake.

Ndipo likaja lori la wachuuzi wa samaki wakavu waliokuwa wakielekea mnadani, limejaa watu juu ya magunia. Liliwahi kusimama mahali pagumu. Walikuwa watu wema. Walishuka wote, wakaja kutazama, na dereva wao akasema anao waya wa chuma, atatuvuta mara moja.

Dereva alitoa kamba yake ya katani, akaitazama, akaitazama Landrova ilivyokaa. Alijua kamba haitoshi. Akasema, "Lete waya."

Akaufunga mwenyewe kwenye chesisi, akilala kifudifudi ndani ya tope. Akajaza gunia udongo, akaliweka juu ya waya. Kisha akasimama, akawaambia wale watu waondoke mpaka kwenye mti uliokuwa mbali, wote. Na akaniambia tumtoe mgonjwa garini.

"Dereva, hawezi kutolewa," nilimwambia.

"Abaki humo, waya ukatike uingie kwa kioo?"

"Kila ukimgusa anaumia."

"Nimeona, Nesi. Tumtoe."

Tulimtoa. Alipiga ukelele mmoja tu, kisha hakulia tena, na hilo lilinitisha zaidi. Tulimbeba mbali kwenye nyasi, mama mkwe akamkinga jua kwa kanga. Wachuuzi walikuwa wakinung'unika. Baadhi walikwenda kwenye mti, wengine walisogea hatua chache wakasimama wakicheka. Mwanamume mmoja mnene alisema amevuta magari tangu ujana wake na hajaona mambo ya namna hii.  Dereva alikwenda kwenye lori, akachomoa ufunguo, akaushika mkononi.

"Mtakapofika kule, nitaurudisha," alisema.

Palikuwa na maneno. Dereva wa lori alimtukana. Mume wa mama yule alikuja mbio kutoka kwenye nyasi, akamshika Dereva shati, akimwita baba kwa Kihaya.

"Tata, mke wangu anakufa. Waache wavute."

"Watavuta. Wakisogea."

"Mke wangu anakufa."

"Nenda ukae naye," Dereva alimwambia. "Waambie wasogee, twende."

Ilichukua muda. Sitasema ni muda gani, kwa sababu siujui, na kila aliyekuwapo alisema wake. Mwisho walisogea wote, mnene akiwa wa mwisho. Dereva alirudisha ufunguo, akaingia Landrova, lori likaanza kuvuta.

Waya ulikatika. Ulilitupa gunia la udongo pembeni, ukapita na kupiga mahali walipokuwa wamesimama wale waliocheka, ukakata kichaka chote kikaanguka kama kilichofyekwa.  Yule mnene alikaa chini.

Waliufunga tena uliobaki, wakaukunja mara mbili, na safari hii hakuna aliyehitaji kuambiwa. Gari lilitoka. Tulimpandisha mgonjwa. Tulipoanza kuupanda mlima nilikuwa nimeshika mkono wake, na kabla ya kufika Kishanda nilijua nimeshika mkono wa marehemu. Niligonga kioo cha nyuma ya Dereva. Alipunguza mwendo, hakusimama. Akaendelea kuendesha polepole, vizuri, akikwepa mashimo, kama mtu aliyebeba mgonjwa.

Hospitalini mume alimfuata Dereva alipokuwa ananawa tope bombani.

"Ungewaacha wasimame," alimwambia, "tungefika naye akiwa hai."

Dereva alifunga maji. Alisimama mbele yake, amelowa, mikono imelegea. Mimi ndiye niliyejibu. Nilimweleza yule bwana kwamba kizazi kilikuwa kimepasuka, kwamba pengine kilipasuka kabla hatujazama, kwamba muda ule usingemwokoa. Ndivyo nilivyoamini na ndivyo ninavyoamini mpaka leo. Yeye hakuniamini. Na nilipomtazama Dereva niliona kwamba hata yeye haniamini.

Alikwenda mazishini, akatembea kwa miguu mpaka Ngenge kwa sababu hakutaka kwenda na gari. Aliporudi nilimwuliza walimpokeaje. Alisema hawakumfukuza. Baadaye nilisikia kwamba alisimama muda wote, hakuna aliyempa pa kukaa. Wachuuzi wale wa samaki, waliorudi makwao kwenye visiwa na wake zao na watoto wao, hakuna aliyetuma hata salamu. Sidhani kama walikuwa wabaya. Mtu ambaye hakufa hana habari ya kusimulia kijijini.

Baada ya hapo kazi yetu ilibadilika. Miaka ya nyuma tulibeba akina mama na watoto kuwapeleka hospitali. Sasa tulianza kubeba watu kuwarudisha makwao. Bukoba watu waliuita ukimwi Juliana, kwa jina la vitambaa vya magendo walivyovaa vijana wa biashara. Wengine hawakuutaja, walisema fulani anaumwa kifua. Vijana waliokwenda mjini walirudi wamelala. Maseremala waliacha kutengeneza vitanda. Landrova ya chanjo ilikuwa na jeneza karibu kila wiki, na kwenye kibanja tulikompeleka baba mwezi huu, tulimpeleka mama mwezi unaofuata, na kaburi la kwanza lilikuwa halijaota nyasi.

Nakumbuka siku tulipozama na jeneza njiani, mvua ikinyesha. Ndani alikuwemo kijana mwalimu, na mama yake mzazi alikuwa amekaa ubavuni mwake, mkono juu ya ubao. Dereva alizima, akavua viatu, akazunguka. Kisha akaja mlangoni.

"Mama, tunashusha," alisema. "Na yeye tunamshusha."

Yule bibi hakuelewa. Alipoelewa alilikumbatia jeneza. "Omwana wange," alisema, mwanangu, "mtamweka chini barabarani?"

"Gari ni zito, Mama. Likiteleza likalala na nyinyi humo ndani, nitapeleka misiba mingapi?"

Walimshusha. Dereva alitandika magunia yake, wakamweka juu yake, akavua koti lake akafunika upande wa kichwa, mvua ikamnyeshea yeye. Alipomaliza kuchimba, kabla ya kuwasha, alikwenda akachuchumaa karibu na yule bibi, akamwomba radhi kwa Kihaya. Alimwomba radhi kwa maneno yale yale anayotumia mtu aliyemgonga mtoto wako.

Mkewe wa Kishanda alikufa katika miaka hiyo. Alikonda, akapata vidonda mdomoni, akaharisha, na mimi ndiye niliyemwuguza. Dereva aliyaona yote. Alikuwa amewabeba wengi mno asijue anatazama nini. Nyumba ya Bukoba nayo ilifungwa, huko sikuuliza.

Haikupita muda nikasikia anataka kuoa. Binti alikuwa wa huko huko Kishanda, mzima, mwanakwaya, mwenye meno mazuri. Nilimwita nyuma ya stoo.

"Usioe, Dereva," nilimwambia. "Unajua kwa nini."

"Hujanipima."

"Wewe umeona magonjwa haya kuliko daktari. Nikupime nini?"

Aliangalia chini. "Watoto wangu wanalala na njaa," alisema. "Mama yangu haoni vizuri, amejiunguza jikoni. Nani atawapikia?"

"Tafuta mtu wa kuwapikia. Usioe."

"Mtu wa kupika nitamlipa nini, na nani siku hizi atakubali kuingia kwenye nyumba yangu asiwe mke?"

 Nilikwenda kwa mama yake binti, nikazunguka maneno, nikasema ngojeni, msiharakishe. Mama alinisikiliza kwa adabu, akanipa senene wa kukaanga. Alisema mwanaume mwenye mshahara si jambo dogo. Arusi ilifanyika kanisani, kwaya yake ikaimba, naye bwana arusi akaimba sauti ya chini. Nilikaa nyuma. Mtu aliyeweza kuchomoa ufunguo wa lori la wenzake ili mgeni asikatwe na waya, alisimama pale mbele na kumvisha binti yule pete. Nimejaribu miaka yote kuziunganisha picha hizo mbili na sijaweza. Wala sijui kama nimemsamehe.

Alianza kukonda mwaka uliofuata. Kwanza alishindwa na chepeo. Alikaa kwenye kiti, mlango wazi, akiwaelekeza wengine, na sauti yake ilikuwa ile ile. Baadaye klachi ilimshinda. Siku hiyo alisimamisha gari kwenye tambarare, mahali pasipo na tatizo lolote, akasema, "Nesi, mguu umekataa." Tuliketi mpaka akapata nguvu, akaturudisha hospitali, akaegesha chini ya paa, akapeleka ufunguo ofisini, na hakuendesha tena.

Nilikwenda kumwona nyumbani kwake, Kishanda, mchana wa kiangazi, nikipanda kwa miguu. Mkewe alinipokea uani, akachukua kikapu changu. Alikuwa bado mzima wa mwili, ila macho yalikuwa ya mtu mzee kuliko yeye. Mgongoni alikuwa amembeba mtoto wao wa kike, kichwa kimelala upande, akikohoa kikohozi kidogo kikavu. Alimfungua, akaniambia atanichemshia kahawa, akamlaza mtoto kwenye mkeka karibu na kitanda cha baba yake, akatoka.

Dereva alikuwa mifupa chini ya blanketi. Tulizungumza habari za barabara. Aliniuliza nani anaendesha Ngenge siku hizi, nikamwambia. Aliniuliza kama ni mwangalifu, nikasema anajitahidi. Kisha akawa anamtazama mtoto. Mtoto alikuwa na utando mweupe mdomoni na mashavu ya mzee.

"Na huyu, Nesi?" aliniuliza.

Nilikunja kanga ya mtoto, nikaikunjua.

"Unanijua," alisema. "Usinifiche."

"Na huyu," nilimwambia.

Hakulia. Alifumba macho, na nilidhani amelala, mpaka niliposikia anasema kwa sauti ambayo ilinibidi niiname kuisikia.

"Mama yake hajui. Usimwambie. Mwache amshike hivyo hivyo, kama mtoto."

Nilisema sitamwambia.

Tulikunywa kahawa. Nilimpa uji kwa kijiko, akanywa kidogo kwa ajili yangu. Nilipoaga alinyosha mkono nikaushika, na mke wake akamchukua mtoto, akamfunga mgongoni, akanisindikiza kupitia migombani mpaka njiani.  Kwenye mpaka wa kibanja alisimama, akanirudishia kikapu changu, akahakikisha kwamba nyumba iko mbali.

"Mtoto ana ugonjwa wa baba yake," alisema. "Nimejua tangu alipoanza kukataa ziwa. Baba yake hajui. Nakuomba, Nesi, usimwambie, utamwua."

Nilisema sitamwambia. Alinishukuru, akapiga goti kama tunavyofundishwa, akarudi kwa mwendo wa haraka kwa sababu jua lilikuwa linashuka na alikuwa hajateka maji.

Mtoto alitangulia, mvua zilipoanza. Baba yake alifuata, na mama akabaki muda kidogo. Sijui kama katika siku zile zilizobaki, wakiwa watatu ndani ya chumba kile kimoja, walipata kuambiana.